Mama aligoma kubonyeza TUMA: nilivyojifunza kutengeneza tovuti nikiwa advance

Mara ya kwanza namwambia mama kwamba shuleni tunafundishwa kukodi, aliacha kupepeta dagaa akaniangalia. Akauliza unakodi nini na hela ya kukodi umetoa wapi. Nikasema hapana mama, ni kodi, naandika kodi za kompyuta. Akasema kodi wanaandika TRA, we unaandikaje. Basi nikaacha, nikaendelea kutoa takataka kwenye dagaa. Hiyo ni 2016 niko form three Mwanza, na kiukweli ningekua na akili ya leo ningeenda kuchukua daftari niandike yale maongezi neno kwa neno, maana miaka minne baadae nilikuja kuhangaika na kitu hicho hicho, neno moja, mi nasikia hiki na mama anasikia kile.

Shule niliyosoma olevo ilikua na chumba cha kompyuta chenye mashine 12, zinazowaka 7, na kati ya hizo mbili maus zake mpaka uigonge mezani kwanza. Intaneti hamna. Somo tulikua tunaliita ICS na muda mwingi ilikua notsi za ubaoni, chora sehemu za kompyuta, taja kazi za kila sehemu, nilifika hatua naweza kuchora kibodi nzima bila kuangalia lakini kuitumia siwezi. Alafu akaja mwalimu wa field kutoka chuo, akakaa kama wiki nane tu, ila alikuja na flashi. Kwenye ile flashi kulikua na W3Schools nzima, ile tovuti inayofundisha kutengeneza tovuti, ya kusoma bila mtandao, kulikua na Notepad++, programu ya kuandikia kodi, na kulikua na kopi ya ule ukurasa wa kwanza kabisa wa wavuti aliotengeneza Tim Berners-Lee pale CERN, kituo cha utafiti Uswisi, uliofunguliwa kwa watu wote 1991. Tulivyoufungua darasa likacheka, maana hauna rangi, hauna picha, ni maandishi meusi na linki za bluu basi. Mwalimu hakucheka. Akasema huu una miaka 25 na leo ukiufungua kwenye simu yoyote unafunguka, nyie tengenezeni kitu kikae miaka 25 alafu ndo mcheke.

Tatizo lilikua foleni. Darasa lina watu 60 na kitu, mashine 7, kwaiyo kwa wiki unapata kama dakika 15 zako na umeme ukikatika ndo imeenda hiyo mpaka wiki ijayo. Ndo tukaanza kuandika kodi, yani yale maelekezo ya kutengeneza ukurasa, kwenye daftari. Usiku nyumbani, peni ya bluu kwa maandishi, nyekundu kwa tegi, yani alama zinazoonesha sehemu inaanzia na kuishia wapi, alafu siku ya zamu yako unaingia unachapa kile ulichoandika haraka haraka kama mtu anayefukuzwa. Ukisahau kufunga tegi moja tu ukurasa wote unaharibika na dakika zako zote zinaishia kutafuta. Watu wakisikia hii huwa wanatuonea huruma ila mi naona ilinisaidia sana, mpaka leo naweza kusoma kodi ya mtu kwa macho nikaona palipovunjika kabla sijaiwasha, maana wakati ule kuiwasha ilikua anasa.

Kingine alichotuonesha yule mwalimu ni kuangalia kodi ya kurasa za watu. Alikua ameseivu ukurasa wa matokeo ya NECTA, ule ambao kila mtu Tanzania ameshawahi kuufungua mikono ikitetemeka, akabonyeza kulia, akafungua kodi yake, na ndani ni jedwali tu, mistari na nguzo, namba ya mtahiniwa, jinsia, pointi, divisheni. Hamna mapambo. Na ndo maana unafunguka hata ukiwa kijijini na mtandao wa kuvizia juu ya kichuguu. Hapo sikuelewa kama amefundisha kitu, niliona tu kumbe na mi naweza kutengeneza matokeo, na kweli nilitengeneza ya kwangu nikajipa divisheni wani ya pointi 7.

2018 nikachaguliwa form five, PCM, yani fizikia, kemia na hesabu, shule ya bweni mkoa wa jirani. Hapa ndo kisa chenyewe kinaanzia. Waliochaguliwa wanapata ile joining instruction, yani faili la PDF lenye mahitaji yote, siku ya kuripoti, namba ya akaunti, fomu ya daktari na sheria za shule. Mama hana simu ya kufungua PDF wakati ule, tukaenda steshenari, kurasa 11, kila ukurasa shilingi 200, jumla 2,200. Karatasi zilikua zimeskaniwa kwa upande, yani maandishi yanapanda kama gari la Bukoba kwenye mlima. Ukurasa wa mahitaji haukusomeka vizuri pale pembeni, kwaiyo mi nikabeba ndoo, godoro, shuka jozi mbili, rimu na fagio, nimefika getini naulizwa jembe liko wapi. Jembe lilikua ukurasa wa tisa, kwenye sheria, sijui nani aliliweka kule. Siku yangu ya kwanza advance nililala bila godoro kwa sababu lilibaki getini kama dhamana mpaka jembe lipatikane. Sijasahau mpaka leo.

Kwenye PCM hakuna kompyuta, ila kulikua na klabu ya Jumamosi iliyokua inaendeshwa na mwalimu wetu wa fizikia. Yeye ndo nilimsikia mara ya kwanza akitaja UX, yani jinsi mtu anavyopata raha au shida akitumia kitu, na hakuanza na kompyuta, alianza na swichi za bweni. Bweni letu lilikua na swichi sita mlangoni zimepangwa mstari mmoja na taa sita ziko dari nzima huku na huku, kwaiyo kila usiku kuna mtu anataka kuzima taa ya kwake anazima ya form six wanaojisomea, na hapo ni matusi. Kila mtu alikua anasema form five hawana akili. Mwalimu akatuuliza, umeme ni mbovu? Hapana. Swichi ni mbovu? Hapana. Watu wabovu? Tukasema ndio. Akasema hapana, aliyezipanga hakai bwenini. Jumapili yake kuna jamaa akachukua rangi iliyobaki ya kuandikia majina kwenye ndoo akaweka alama kwenye kila swichi na kwenye nguzo iliyo karibu na taa yake, na kelele zikaisha. Mwalimu akasema hiyo ndo kazi ninayotaka mfanye, ila mfanye kwenye skrini. Kila mtu atafute kitu kinachosumbua watu akitengeneze upya. Mi sikufikiria mara mbili, nikasema joining instruction, nikamuelezea habari ya jembe, akacheka mpaka akakaa.

Tulianza na karatasi. Alitukataza kugusa mashine mwezi mzima. Unakata manila saizi ya simu, ndani yake unapitisha vikaratasi vyenye kurasa ulizochora, mwenzako anabonyeza kwa kidole, we ndo kompyuta, unabadilisha vikaratasi. Bwenini walituona tumechanganyikiwa. Lakini jioni ya kwanza tu niliona kitu, mi nilikua nimeanza na karibu ya mkuu wa shule, historia ya shule, dira, dhima, kama tovuti zote nilizowahi kuziona, na kila niliyempa ile simu ya manila anaruka vikaratasi vyote anauliza, mahitaji yako wapi? nauli shilingi ngapi? unashukia stendi gani? Hakuna hata mmoja aliyetaka kujua shule ilianzishwa lini. Nikahamisha mahitaji juu. Dira na dhima nikazipeleka chini kabisa, hazijawahi kuulizwa mpaka leo.

Basi nikajiona nimeshakua fundi. Mwanzoni mwa 2020 nikajenga ile tovuti yenyewe, HTML ya kupanga maandishi, CSS ya mapambo na JavaScript kidogo ya kuupa ukurasa akili, nikaipandisha bure kwenye GitHub, sehemu ya kuweka kodi mtandaoni, siku ya matembezi, kwenye intaneti kafe ya mjini. Na ilikua nzuri jamani, yani nzuri kwa macho yangu. Picha kubwa ya geti la shule, megabaiti 4, imetoka kwenye kamera ya kamati ya taaluma vile vile ilivyo. Maandishi ya kijivu laini kwenye weupe, nilikua nimeona tovuti za nje zinafanya hivo nikaona ndo usasa. Kitufe cha TUMA chenye kona za mviringo. Nikamuonesha mwalimu, akaangalia kimya, akasema nzuri, umempa mzazi gani aitumie? Nikasema bado. Akasema basi hujamaliza, tafuta watu watano. Akatuambia Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima tovuti kwa watumiaji, aliandika 2000 kwamba watu watano tu wanatosha kukuonesha kama asilimia 85 ya matatizo ya kitu chako. Na akaongeza sharti lake, ukishampa mtu simu, mdomo wako ushone.

Tarehe 17 Machi shule zikafungwa kwa ajili ya corona. Tukarudi nyumbani na maboksi yetu. Na nyumbani kwetu maana yake ni Kirumba Mwaloni, soko la samaki, mama anauza dagaa pale toka sijazaliwa. Kwaiyo watu wangu watano nikawapatia pale pale, kati ya magunia.

Wa kwanza alikua mama mwenyewe. Kaka yangu alikua ameshamnunulia Tecno, kioo kina ufa pembeni ila inafanya kazi. Nikamwambia mama, jifanye mimi ndo nimechaguliwa form five leo, fungua hapa uone unatakiwa kuninunulia nini. Akafungua. Picha ya geti ikaanza kushuka, mstari, mstari, mstari. Akaja mteja, akachagua dagaa, wakapatana bei, kilo mbili zikapimwa, chenji ikatafutwa kwa jirani, mteja akaondoka, mama akarudi kwenye simu na geti bado halijafika kwenye bawaba. Akaniuliza hii ndo shule yenyewe au ndo mnajenga? Mi hapo tayari nimeshafungua mdomo, nasema mama mtandao, mama subiri, mama shusha chini. Sharti la kwanza limevunjika ndani ya dakika moja.

Geti likafika, akashusha, na hapo akafanya kitu ambacho sitakisahau, akachukua kanga akajifunika kichwani yeye na simu yake kama anajifukiza nyungu, maana ndo ilikua miezi ya nyungu ile, majirani wakaanza kumuuliza we mama imekupata nini. Kumbe haoni maandishi. Jua la saa saba Mwaloni linapiga kwenye maji linarudi usoni, na ile kijivu yangu laini imepotea yote. Baadae ndo nikaja kujua kuna kipimo kabisa cha hii kitu, maandishi ya kawaida yanatakiwa yatofautiane na rangi ya nyuma yake angalau 4.5 kwa 1, na ile kijivu yangu, ambayo kwenye kodi inaandikwa #999, kwenye weupe inatoa 2.85. Nilikua nimetengeneza tovuti ya kusomewa chumbani usiku.

Chini kulikua na fomu fupi, jina la mzazi na namba ya simu. Mama akaandika namba yake anavyoijua yeye, anaanza na 255, na kati anaacha nafasi, kwa sababu ndo ilivyoandikwa kwenye kibao cha meza yake. Mi JavaScript yangu nilikua nimeiambia namba ni tarakimu 10, inaanza na 0, basi, nyingine zote kataa. Kikatokea kiboksi chekundu, NAMBA SI SAHIHI. Jamani. Mama aliangalia ile simu kama mtu aliyetukanwa na mtoto. Akasema hii namba ninayo mwaka wa tisa, wateja wangu mpaka Kigoma wananipata kwa hii, leo simu inaniambia si sahihi? Nikamrekebishia mimi, nikaandika inavyotaka, na moyoni nikawa najua kwamba simu haijasema kitu, hayo maneno niliyaandika mimi usiku mmoja maabara nikiwa na haraka ya kwenda kula.

Alafu ndo tukafika kwenye kitufe. TUMA. Mama akaweka simu chini. Nikasubiri, safari hii nimejitahidi nimenyamaza. Akafunga gunia. Akanywa maji. Mwisho nikamuuliza mama mbona hubonyezi. Akasema sibonyezi. Kwanini? Akasema imeshaniuliza jina, imeshachukua namba ya simu, sasa inasema tuma, nikibonyeza inatuma sh'ngapi?

Nilitaka kucheka nikashindwa. Maana ana haki asilimia mia. Kwenye simu yake mama miaka yote ile neno Tuma amekutana nalo sehemu moja tu, unapiga *150*00#, inakuja Tuma Pesa, Toa Pesa. Mi nilitafsiri "submit" ya kwenye kompyuta kwa kamusi, yeye amelisoma kwa mfuko wake. Na hela ikishatumwa kimakosa kila mtu hapa anajua mateso ya kuirudisha. Kwaiyo mama hakushindwa kutumia tovuti yangu kama nilivyokua najiandaa kumwambia mwalimu, aliitumia vizuri kuliko nilivyotegemea, aliisoma na akachukua tahadhari.

Toka hapo nikawa siangalii tena vidole vya watu naangalia maneno. Mtu wa pili, mama wa meza ya jirani, nikamuona amesoma tarehe ya kuripoti vizuri kabisa, alafu akasema kwa sauti, saa nane, basi mtoto atapanda gari la asubuhi akitokea hapa hapa, hakuna haja ya kulala njiani. Nikaangalia, nilikua nimeandika "Kuripoti: 08:00". Ile sehemu ya kuchagua muda kwenye HTML inakuletea hivo, 08:00, na mi nikaiacha. Sasa Mswahili gani anasoma 08:00 kama saa mbili asubuhi? Saa nane ni saa nane, jua la utosi. Huyu mama angempeleka mtoto getini wakati wenzake wameshapangiwa mabweni na kula chakula cha mchana, na tungesema wazazi hawasomi maelekezo. Nilikaa nikafikiria hilo jambo wiki nzima, maana sisi watoto wenyewe tumeshazoea, saa ya simu inasema 14:00 kichwani tunabadilisha tunasema saa nane bila kujua kama tunabadilisha, kwaiyo huwezi kuliona kosa mpaka umuone mtu ambaye habadilishi. Nikaandika saa 2:00 asubuhi, kwa maneno kabisa, saa mbili asubuhi, na basi linaondoka saa 12 asubuhi.

Mtu wa tatu alikua mzee anayeshona nyavu, yeye alikutana na sehemu niliyoweka kwa mbwembwe, ya mzazi kujiandikisha akaunti, nimeandika Nywila. Akaniita kwa heshima zote, njoo mjukuu wangu, hapa wanataka nywele za nani, za mwanafunzi? Mi nikaona hilo ni neno la kamusi, nani kalisikia mtaani, watu wote hapa wanasema namba ya siri kwa sababu ndo wanayoingizaga kila siku kwenye simu. Ila kubadilisha neno haikutosha, nikajiuliza hiyo akaunti ya kazi gani hasa? Mzazi anataka kujua jembe na nauli, anafungua akaunti ya nini? Nikafuta sehemu nzima. Mistari kama 80 ya kodi ilikwenda na maji na nilisikia uchungu kwelikweli, maana nilikua nimeiandika kwa peni kwanza.

Wa nne dada muuza chai alicheka alivyoona "Pakua fomu ya daktari", akauliza imeiva? Hiyo nikaacha mwanzoni nikidhani utani tu, alafu wa tano naye, kijana wa kubeba mizigo ambaye anajua simu kuliko mimi, akasema bro hapa andika tu Chukua fomu. Nikaandika Chukua fomu.

Vidole navyo ni habari nyingine. Watu wa Mwaloni mikono ina chumvi na magamba, wanabonyeza kwa ukucha au kwa kifundo cha kidole, na vile vitufe vyangu vilikua vidogo kama vidonge vya panado. Kibaya zaidi ukurasa wote ulikua unaonekana mdogo, kwa sababu nilisahau mstari mmoja juu ya faili, ule wa viewport, unaoiambia simu tumia upana wako halisi, bila huo simu inajifanya ni kompyuta, inachora ukurasa mpana alafu inaubana wote uingie kwenye kioo. Maabara tulikua tunaangalia kwenye kompyuta tu kwaiyo hakuna aliyeona. Nikaweka mstari, nikapandisha vitufe mpaka pikseli 48 ambayo ndo Google wanashauri kwa Android. Picha ya geti nikaibana kutoka megabaiti 4 mpaka kilobaiti 60, na nikaishusha chini ya mahitaji. Maandishi nikayafanya meusi. Ile ya namba ya simu nikaifundisha ipokee zote, ya 0, ya 255, ya alama ya jumlisha, yenye nafasi na isiyo na nafasi, kompyuta ndo ihangaike kuzipanga, na ikikosekana tarakimu inasema "Namba imepungua, angalia tena", haimwambii mtu mzima si sahihi.

Na kitufe. Nilijaribu Wasilisha, mama akasema hilo la ofisini. Nikajaribu Endelea, akauliza niendelee wapi. Thibitisha, akasema hiyo ndo kabisaaa, hapo ndo inataka namba ya siri. Tulikaa usiku tunatafuna mhogo nikamuuliza mama, wewe ungekua unamwambia mwalimu mkuu kwa mdomo ungesemaje? Akasema ningemwambia nimesoma mwalimu, mtoto atakuja. Nikaandika hivo hivo, NIMESOMA, MTOTO ATAKUJA, na chini yake kwa herufi ndogo, ukibonyeza hapa hukatwi hela. Kesho yake nikampa simu nikanyamaza. Akasoma, akasogeza midomo, akabonyeza. Alafu akaniangalia kuona kama nimefurahi.

Tulirudi shule tarehe 1 Juni, sisi form six tu, mitihani ilikua inaanza tarehe 29, kwaiyo kusema kweli muda wa tovuti haukuwepo, nilikua naiba dakika. Mwalimu wa fizikia akanipeleka kwa mkuu wa shule. Mkuu akaipenda, ila akauliza picha yake na neno la ukaribisho viko wapi. Nikamwonesha kule chini. Akasema vipandishe juu. Hapa nilijifunza somo lingine ambalo klabu haikufundisha, kwamba mtumiaji wa kwanza wa tovuti yako ni yule anayeidhinisha, na huyu naye ana hoja zake, shule ni yake yeye jina lake ndo linaulizwa wilayani. Tukakubaliana, picha yake ikae juu lakini ndogo kama ya kitambulisho, kilobaiti 12, na ukaribisho uwe sentensi moja. Akaiandika mwenyewe, ilikua nzuri kuliko zangu zote. Na akakubali anuani ya tovuti iandikwe kwa herufi kubwa juu ya ile PDF, ukurasa wa kwanza.

Mitihani ikaisha Julai. Mi na wenzangu wawili tukaombwa kubaki siku chache kusaidia kupokea form five wapya. Nikakaa mezani getini, kitabu mbele yangu, na kwenye simu ya mwalimu nimefungua lile jedwali la Google linalopokea wanaobonyeza. Walikua 23. Nilitegemea 200. Nikajisemea basi, kazi ya miezi yote watu 23.

Ila wakawa wanakuja, mmoja baada ya mwingine, na majembe. Yani kila mtoto ana jembe. Na wamefika saa mbili asubuhi, sio saa nane. Nikashindwa kuelewa mpaka alipofika mama mmoja amebeba godoro kichwani, shikamoo mama, marahaba mwanangu, akashusha mzigo akatoa kwenye pochi karatasi mbili zimekunjwa vizuri akanipa. Nikafungua. Ni tovuti yangu. Kaiprinti steshenari, kurasa mbili, shilingi 400 badala ya 2,200, picha ya mkuu juu, mahitaji, nauli, stendi, na chini kabisa kile kitufe, NIMESOMA, MTOTO ATAKUJA, kimetoka kama boksi jeusi kwenye karatasi. Juu ya boksi ameweka tiki kwa peni ya bluu. Na chini ya ile "hukatwi hela" ameweka sahihi yake na tarehe.

Nikamuuliza kwa adabu, mama mbona umesaini hapa. Akasema si ndo mlivyotaka, nimesoma, mtoto atakuja, huyu hapa.

Mpaka jioni nilikua nimekusanya rundo la hizo karatasi, zingine zina tiki, zingine zina sahihi, moja ilikua na dole gumba la wino wa zambarau. Usiku nikaomba kompyuta ya ofisi ya taaluma nikafungua W3Schools kwenye flashi, ile ile ya form three, nikatafuta sehemu ya mitindo ya kuprinti. Kumbe CSS ina namna yake kabisa ya kusema ukurasa ukitoka kwenye karatasi uonekane vingine. Nikaandika mistari tisa, kitufe kikichapwa kisitoke boksi jeusi la kumaliza wino wa watu, kitoke kiboksi cheupe cha kuweka tiki, na pembeni yake mstari wa sahihi, na nafasi ya kutosha kwa dole gumba.